Aliyenishika Mguu

Jina lake sitalitaja, na msidhani ni madoido ya uandishi. Mimi ni mkamwana wake. Kwetu Rungwe, mwanamke aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe, hamtazami usoni, haketi naye chumba kimoja, na akimwona anakuja njiani huingia migombani na kumpa kisogo mpaka apite. Siku hizi mjini wengi wameacha, na rafiki zangu wa Ibighi hunicheka waziwazi. Baba mkwe wangu hakuacha. Kwa hiyo nitamwita kwa kazi yake, Mfuatiliaji, kama nilivyomwita kwa miaka kumi na moja kabla sijaolewa na mwanawe, nilipokuwa bado na ruhusa ya kumtazama.

Kazi yake ilikuwa kufuatilia vichwa vya watoto. Walikuja watafiti waliotaka kujua ubongo wa mtoto unakuaje mpaka anakuwa mtu mzima, wakachagua watoto wa vijiji vyetu. Mimi nilikuwa mmoja wao, nina miaka tisa, mtoto wa Masukulu. Kila baada ya miaka miwili tulipelekwa Mbeya kulala ndani ya mashine ya MRI, ileile na miezi ileile, tukapigwa picha za kichwa. Picha saba kwa kila mtoto, basi, mradi umekwisha. Nilipoolewa nilikuwa nimepiga sita. Ile ya saba ndiyo iliyotubana wote wawili, kwa sababu katika hizo sita sikuwahi hata mara moja kulala mle ndani bila yeye kunishika mguu.

Alikuwa mtu asiyejua kutulia. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa ili goti lake lisitikise wenzake. Msibani, wanaume wenziwe wakiwa wameketi kwenye viti, yeye alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni ambazo hakuna aliyemtuma. Mkewe alizoea kusema kwamba mumewe hata chai anakunywa akitembea, na kwamba siku ya harusi yao mchungaji alimwambia asimame sehemu moja kama anataka kuoa kweli. Ndiye huyohuyo aliyeajiriwa kuwafundisha watoto wa watu kutulia.

Na alifundisha vizuri. Uani kwake, Ibighi, palepale mjini Tukuyu, alikuwa na pipa la mafuta alilolikata pande zote mbili na kulilaza juu ya mkeka. Tuliingizwa humo chali, mmoja mmoja, na usoni tukawekewa kikapu kidogo kilichotobolewa tundu la kuangalia, maana kwenye mashine ya kweli kichwa hufungiwa kwenye kitu cha namna hiyo. Juu ya paji la uso aliweka kipande cha jani la mgomba. Kisha alizunguka pipa akiligonga kwa mwiko, ngo-ngo-ngo, ta-ta-ta-ta, ngo-ngo, kwa sababu mashine nayo ina makelele ya ajabu. Jani likianguka, tunaanza upya.

"Kichwa ni chako," alikuwa akituambia, "ila kwa dakika arobaini niazime mimi."

Kabla ya safari alitupitishia sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Mashine ile nguvu yake ni sumaku, na haitaki chuma. Hospitali walikuwa na ukaguzi wao, lakini yeye hakuamini ukaguzi wa mtu mwingine. Alipitisha sumaku kwenye vifungo, kwenye mikanda, kwenye nywele za wasichana kutafuta vibanio. Kijana mmoja wa kundi letu alikutwa amefunga kaptula kwa msumari uliokunjwa. Mfuatiliaji hakumgombeza. Alikwenda migombani, akachuna gamba kavu la mgomba, akalisokota kamba, akamfunga kaptula yake, akasema sasa unaweza kuingia hata mbinguni.

Kamba ya mgomba aliiamini kuliko kitu chochote. Miwani yake ilikuwa imefungwa nayo. Daftari lake kubwa la kutufuatilia lilifungwa nayo. Ndani ya daftari hilo kila mtoto alikuwa na kurasa zake, na kwa kuwa alijua watu huhama, hakuandika kijiji tu. Aliandika nyumba ya shangazi yupi utakimbilia mambo yakiharibika. Familia moja ilipohamia Chunya bila kuaga, alikwenda huko na gambuti zake na mwavuli, akazunguka siku tatu, akarudi na kijana anayetakiwa. Mtoto mmoja wa kundi letu alifariki kwa homa. Ukurasa wake hakuuchana wala kuukata mstari. Miaka miwili ilipotimia aliupitia kama kurasa nyingine, akavua kofia, akaufunua ule unaofuata.

Mwanzoni wazee wa Masukulu hawakumtaka. Nakumbuka mkutano wa kijiji, mvua inanyesha, watu wamebanana kwenye darasa. Bibi mmoja alisimama akauliza, "Gwe, hicho kichwa cha mjukuu wangu mkishakipiga picha, akili inabaki humo au mnaondoka nayo?" Watu hawakucheka. Mfuatiliaji akafungua bahasha kubwa akatoa picha ya kichwa chake mwenyewe; alikuwa ameingia kwenye mashine kabla ya mtoto yeyote. Ikapita mkono kwa mkono. Bibi yule akaigeuza juu chini, akaisogeza mwangani, akasema, "Mbona kidogo hivi?" Hapo ndipo watu wakacheka, na mama yangu akaniandikisha. Picha ile baadaye ilitundikwa sebuleni kwake, karibu na kalenda ya kanisa, na mkewe akaifunika kitambaa kila wageni walipokuja kula.

Katika mkutano uleule aliulizwa kwa nini wasipige picha moja wakamaliza. Jibu lake nimelisikia tena mara nyingi, na sijachoka nalo. Alisema ukimwona mtu mara moja amesimama njia panda, hujui anatoka wapi wala anakwenda wapi. Ukipiga watoto mia picha moja moja unajua tu kwamba vichwa havifanani, jambo ambalo hata mama zao wanalijua. Lakini mtoto huyohuyo, ukimwona akiwa na tisa, na kumi na moja, na kumi na tatu, ndipo unaona mwendo. "Na mkiniruka mwaka mmoja," alisema, "mnaniachia shimo ambalo siwezi kulifukia kwa mtoto wa jirani."

Nilipofika miaka kumi na tatu niligombana na mama kwa kila jambo: maji, kuni, nywele, jinsi anavyopumua. Mama akaenda kumlalamikia Mfuatiliaji, kana kwamba yeye ndiye aliyenichokonoa huko ndani. Akampeleka mama kwenye shina la mgomba wenye machipukizi mengi. Akamwambia shina hili ukiliacha na machipukizi yote halikupi mkungu wa maana. Lazima upunguze ili yanayobaki yapate nguvu. Ubongo wa mtoto nao hujipunguza hivyo hivyo katika umri huu, na sehemu ya mbele, inayomwambia mtu ngoja kwanza, huchelewa kuliko zote, hukomaa mtu akishapita ishirini. "Mwache," alisema. "Yuko kwenye kupunguzwa." Kwa mwaka mzima mama alinitania kwa neno hilo, nami nilikasirika kila alipolisema.

Sasa nieleze habari ya mguu. Sijui hofu yangu ilitoka wapi. Kwenye pipa nilikuwa hodari, jani halikuanguka. Lakini Mbeya, siku ya kwanza, kitanda kiliponisukuma ndani na dari ya mashine ikawa karibu na pua yangu, nilisikia kifua kimezibwa. Mkononi hupewa kibofu cha mpira. Ukizidiwa unakibonyeza, wanakutoa. Nilikibonyeza mara tatu. Mara ya nne Mfuatiliaji aliomba ruhusa akaingia chumbani, akaziba masikio kwa pamba, akanishika kidole gumba cha mguu, sehemu pekee yangu iliyokuwa nje. Kelele zikianza alikuwa ameshika tu. Zikinyamaza, kabla hazijaanza nyingine, alibonyeza mara tatu: bado nipo. Nililala dakika arobaini na picha ikatoka safi.

Watoto wengine aliwashika mara moja au mbili, kisha akawaachisha. Mimi hakuniachisha. Kila mara nilimwomba, naye kila mara alikubali, na hapo ndipo alipokosea. Nafikiri aliogopa shimo kwenye kurasa zangu, nami niliupenda woga wake kwa kuwa ulinifaa. Kuna karatasi aliyotusomea kabla ya kila picha, kwamba una haki ya kukataa, unaweza kuacha wakati wowote, hakuna atakayekuuliza. Aliisoma yote, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayeomba tusikatae. Sikukataa kamwe. Ningeweza, lakini ungekataaje mbele ya macho yale?

Mwanawe nilimfahamu kwenye banda la kuchagulia parachichi, Tukuyu, tukifanya kazi meza moja. Sikujua ni mtoto wa nani mpaka tulipokwisha kupendana, na nilipojua nilifurahi, mjinga mimi. Nilijiona naingia nyumba ninayoijua. Mfuatiliaji alipoambiwa, hakufurahi. Alisema tusubiri mwaka mmoja. Mwanawe akauliza sababu. Akasema, "Kuna kazi haijaisha." Akaulizwa kazi gani. Akasema msichana mwenyewe ana ishirini, hata kichwa hakijamaliza kukomaa.

Maneno hayo yalinifikia, na yaliniuma sana. Mtu aliyenishika mguu tangu nina miaka tisa anatumia kichwa changu kunikataa! Nikaona kumbe kwake mimi ni picha tu, kitu cha kwenye daftari. Haraka ikawa yangu. Ni mimi niliyemsukuma mwanawe, niliyemsukuma baba yangu, mpaka ng'ombe wakapelekwa na harusi ikafungwa kabla ya mvua kubwa.

Siku ileile mlango ulifungwa. Tulipewa nyumba ndogo kwenye ua huohuo, hatua ishirini kutoka kwake, na katikati yetu liko lile pipa la zamani, sasa mama mkwe anafugia bata ndani yake. Nilijifunza kuishi kwa masikio. Mfuatiliaji akitaka kuvuka ua alikohoa mara tatu, nami nikajificha jikoni au nikageukia ukuta. Nikitaka kwenda bombani nilichungulia dirishani, nikasubiri, nikasikiliza gambuti zake zilivyo mbali. Na kwa kuwa hakujua kutulia, alivuka ua ule mara thelathini kwa siku. Kuna asubuhi nilisimama nyuma ya mlango na ndoo mkononi mpaka nikalia. Mume wangu alisema nimzoee tu. Nikamwambia nilimzoea zamani, ndiyo shida.

Nilimchukia, niseme ukweli. Nilitaka siku moja aseme basi, tuache, wewe ni mwanangu. Angeweza, wengine wamesema. Mtu aliyetundika ubongo wake ukutani, aliyebishana na kijiji kizima kwa ajili ya mashine, kwa nini alishindwa na hili? Nilimuuliza mama mkwe siku moja tukimenya ndizi. Akafikiri, akasema, "Mama yake mwenyewe alimpa baba mkwe kisogo mpaka siku anamzika. Mume wangu akiacha leo, mama yake atakuwa alijificha bure."

Picha ya saba ikafika. Ofisi ya mradi ilishangaa kuona Mfuatiliaji amenikabidhi kwa mwenzake, dada mmoja mpya, mchangamfu. Dada huyo ndiye aliyeniambia kwamba kwenye daftari, chini ya picha yangu ya sita, mzee aliandika mstari mmoja: huyu sasa ni mkamwana wangu. Mtafiti mkubwa alipopiga simu kumwambia afanye tu kazi yake, mila ziwekwe pembeni siku moja, alijibu kwa heshima kwamba haiwezekani.

"Alitaka mfunge ndoa baada ya hii ya saba," dada akaniambia tukiwa tunasubiri. "Aliniambia mwenyewe. Alisema akishakuwa mkwe wako hataweza kukushika mguu, na bila kushikwa hutoweza."

Mwaka mzima nilikuwa nimembeba mtu huyu moyoni kwa ubaya, kumbe alikuwa ameona hiki chumba, na mimi ndani yake peke yangu, kabla sijakiona. Hata hivyo niliona uchungu mwingine: angeniambia! Lakini angeniambiaje? Kabla ya posa lilikuwa jambo la baba na mwanawe, na baada ya posa hakuweza kunisemesha tena.

Siku hiyo nilishindwa. Dada alinishika mguu vizuri tu, mkono laini, na alibonyeza mara tatu kama alivyoelekezwa. Haukuwa mkono ule. Dakika ya pili nilibonyeza kibofu. Tukajaribu tena, nikabonyeza tena, safari hii nikipiga kelele. Mtaalamu wa mashine alisema kwa upole kwamba nipumzike, nirudi Alhamisi. Ijumaa mashine ingeanza matengenezo, na muda wa picha za saba ungekuwa umekwisha. Alhamisi ikishindikana, kurasa zangu zingeishia kwenye sita, mtu anayetembea miaka kumi halafu haonekani tena. Nilirudi Tukuyu nikijua habari imetangulia. Jioni ile kikohozi hakikusikika uani. Nilichungulia dirishani: Mfuatiliaji alikuwa migombani, ananipa kisogo, anachuna magamba makavu. Sikuona la ajabu; ndiyo kazi zake.

Alhamisi nililala tena kwenye kitanda kile. Nikazibwa masikio, kichwa kikafungiwa, kibofu kikawekwa mkononi. Ukishafungwa hivyo huoni kitu isipokuwa dari nyeupe ya mashine. Dada akainama miguuni kwangu, nikahisi anafunga kitu kwenye kidole gumba. Kilikuwa kikavu na chenye kukwaruza.

"Dada, nini hicho?"

"Usiniulize," akasema kwa sauti kubwa ili nisikie. "Nimeambiwa hakina chuma. Nimeambiwa pia usigeuke, kana kwamba unaweza."

Kitanda kikasogea ndani. Dari ikashuka puani. Kifua kikaanza, nikakishika kibofu barabara. Hapo kamba ikavutwa mara tatu, polepole.

Nilijua. Sikuhitaji kumwona, na sikumwona. Sikuivunja mila hata kwa ukucha. Machozi yakateremka kuelekea masikioni na sikuweza kuyafuta, maana kufuta ni kutikisika. Kelele zikaanza, ngo-ngo-ngo, nami nikasubiri kamba icheze. Nilijua mtu aliyeko upande wa pili. Nilijua goti lile. Kamba ya mgomba ikishikwa na mkono wa mtu anayetikisika, inakuambia kila kitu. Haikucheza. Kelele zikinyamaza, mivuto mitatu, zikianza, kimya. Dakika ya kumi, dakika ya ishirini, kamba imenyooka bila mtetemo. Nilianza kumhofia yeye badala ya kujihofia mimi. Nililala kimya ili asije akachoka bure, na sikumbuki ni lini nililegeza vidole kwenye kile kibofu.

Waliponitoa, dada alikuwa analia na kucheka. Mtaalamu alisema picha ni safi kuliko zote sita. Karibu na mlango palikuwa na kiti cha plastiki kilichogeuziwa ukutani, na chini yake kamba imelala, ndefu kiasi cha hatua sita. Mwenye kiti alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nimekaa na mama mkwe tunamenya ndizi. Uani kulikuwa kimya kupita kawaida. Akanitazama, akatikisa kichwa.

"Sijui baba yenu jana alikwenda wapi," akasema. "Amerudi anachechemea, mguu umekufa ganzi mpaka kiunoni. Namuuliza umefanya nini, ananijibu eti alikuwa amekaa." Akaangua kicheko mpaka kisu kikamtoka. "Yule? Amekaa? Gwe, katafute uongo mwingine!"

Nikamwokotea kisu chake. Nikachukua ndizi nyingine nikaendelea kumenya, kwa kuwa ndani ya nyumba kubwa kilisikika kikohozi, mara tatu, na mimi nikageukia ukuta ili apite.